Mwalimu Anajibu: Kampuni ya ubao wenye fuvu ilipotezaje mapenzi ya vijana?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kangemi. Mimi ni seremala wa miaka 24, na jioni hucheza skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu, na wenzangu katika uwanja wa Shangilia. Mwezi uliopita, kwenye mitumba ya Gikomba, nilinunua ubao mpana wa zamani wenye picha ya fuvu linalochungulia kupitia tundu ambalo limelichana kwa vidole vyake, pamoja na jina la Powell Peralta. Mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliponikuta nao aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa picha ya marehemu babu yake, akasema kwamba hakuna kampuni iliyopendwa kama hiyo wala iliyoachwa ghafla kama hiyo. Basi lake lilikuwa linaondoka, kwa hiyo hakunieleza zaidi. Sisi vijana watano tunataka kutengeneza mbao zetu wenyewe hapa Nairobi, kila moja ikiwa na jina la mchezaji wetu mmoja. Tafadhali nieleze kampuni hiyo ilipandaje na ilishukaje, na kama kuna jambo tunalopaswa kuliangalia kabla hatujanunua gundi. – Fundi wa Kangemi

JIBU: Kijana wangu, picha uliyoambatisha na barua yako imekaa mezani pangu majuma mawili, na nimeipenda. Mchoro huo ni wa Vernon Courtlandt Johnson, msanii aliyechora mafuvu, mazimwi na mifupa ya kampuni hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1970, na wapenzi wa mchezo huu duniani kote huutambua hata rangi yake ikiwa imekwisha kukwanguka. Jina unaloliona kwenye ubao ni majina ya watu wawili, nami nitaanza na watu hao kwa sababu kupanda na kushuka kwa kampuni kulitokana nao kuliko kulivyotokana na mbao.

George Powell alikuwa mhandisi wa California, msomi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewahi kufanya kazi katika viwanda vya vyombo vya anga. Katikati ya miaka ya 1970 mwanawe alimwomba skeitibodi, baba akampa ya zamani yenye magurudumu magumu, na mtoto akalalamika kwamba haitelezi kama za rafiki zake. Za rafiki zake zilikuwa na magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki inayonata barabarani na kumeza mtetemo, ambayo Frank Nasworthy alikuwa ameiingiza katika mchezo huo miaka michache tu kabla. Powell alipoyashika magurudumu hayo aliona kazi ya kihandisi ambayo bado haijakamilika. Akaanza kufanya majaribio ya magurudumu na mbao, na magurudumu yake meupe kama mfupa akayaita Bones, yaani mifupa.

Stacy Peralta hakuwa mhandisi hata kidogo. Alikuwa mchezaji kutoka Venice, Los Angeles, mmoja wa vijana wa timu ya Zephyr walioushangaza umma katika mashindano ya Del Mar ya mwaka 1975, na kufikia mwaka 1978, alipoungana na Powell, jina lake lilikuwa miongoni mwa majina makubwa zaidi katika mchezo huo. Angeweza kulitumia jina hilo kuuza mbao za Stacy Peralta mpaka watu wachoke. Yeye alichagua kutafuta watoto wasiojulikana na kuwalea, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliojenga kila kilichofuata. Kikosi kiliitwa Bones Brigade, jina lililobuniwa na Craig Stecyk, mpiga picha na mwandishi aliyetengeneza matangazo ya kampuni.

Waliokuja kukumbukwa zaidi ni sita: Steve Caballero wa San Jose, Mike McGill na Rodney Mullen wa Florida, Lance Mountain wa viunga vya Los Angeles, Tommy Guerrero wa San Francisco, na Tony Hawk wa San Diego, mtoto mwembamba kiasi kwamba wakubwa walimcheka. Peralta aliwatazama kwa jicho la kaka mkubwa. Aliwasafirisha, akawapiga picha, akawatia moyo waliposhindwa, na alipoona mtoto ana kitu ambacho wenzake hawana, hakumlazimisha acheze kama wengine.

Zingatia pia wakati wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanja vya skeitibodi vya Marekani vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa sababu gharama za bima dhidi ya majeraha zilikuwa hazibebeki, na vingine vikasawazishwa kwa tingatinga. Makampuni mengi yalikufa. Vijana waliobaki walijijengea rampu za mbao nyuma ya nyumba za wazazi wao, wakawa watu wachache waliotawanyika, kila mmoja akidhani amebaki peke yake. Mwaka 1984 Powell Peralta ilitoa kanda ya video ya kikosi chake, na kanda hiyo ikapita mikono kwa mikono mpaka katika miji ambayo haikuwahi kuona mchezaji wa kulipwa. Kijana aliyekuwa akibingirika peke yake kwenye maegesho ya duka aliwaona Hawk na Mountain wakicheka, wakianguka, wakiinuka, akajiona ana ndugu. Hapo ndipo mapenzi unayouliza yalipozaliwa. Kampuni nyingi zilikuwa na mbao imara. Hii iliwapa watoto wapweke ukoo.

Fedha zikafuata. Mchezaji mwenye ubao wa jina lake alilipwa mrabaha kwa kila ubao uliouzwa. Hundi ya kwanza ya mrabaha ya Tony Hawk, aliyeanza kulipwa akiwa na miaka 14 mwaka 1982, ilikuwa ya senti 85 za Marekani. Miaka michache baadaye alinunua nyumba yake mwenyewe kabla hajamaliza shule ya upili. Nadhani hesabu hiyo inakuonyesha kasi ya kupanda kwao kuliko maneno yangu.

Sasa nifike kwenye kushuka, na hapa nakuomba usome polepole.

Miaka hiyo mchezo mkubwa ulichezwa kwenye rampu kubwa za umbo la herufi U, ambazo mchezaji huzipanda mpaka juu ya ukingo na kuruka hewani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja wa Florida, Alan Gelfand, ambaye wenzake walimwita Ollie, alikuwa amegundua namna ya kuinuka na ubao hewani bila kuushika kwa mkono. Gelfand alikuwa mchezaji wa Powell Peralta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen, naye wa kikosi hicho hicho, aliuhamisha mruko huo kutoka kwenye kuta za rampu hadi ardhi tambarare, kwa kupiga mkia wa ubao chini na kuuvuta kwa mguu wa mbele. Mruko huo, ambao mpaka leo huitwa ollie, ndio unaomwezesha mchezaji kupanda ukingo wa barabara, kuruka ngazi na kuteleza juu ya reli ya mkono. Ninyi wenyewe mnautumia kila jioni. Ulipoenea, mji wote ukawa uwanja, na mtoto hakuhitaji tena rampu wala mzazi mwenye nafasi ya kuijenga. Kwa hiyo ufundi uliokuja kuidhoofisha kampuni hii ulizaliwa ndani ya nyumba yake yenyewe.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba viongozi wake hawakuona. Guerrero alikuwa mchezaji wa barabarani, na mwaka 1989 kampuni iliwaonyesha vijana wadogo wa Los Angeles, akiwemo Guy Mariano, ambao walikuwa mbele ya wakati wao. Waliona, lakini nyumba ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Kiwanda kilikuwa kimezoea mbao pana kama yako, zenye upana wa takriban inchi 10, na picha moja ya mchezaji iliweza kuuzwa miaka mingi. Kufikia mwaka 1992 vijana walitaka mbao nyembamba za inchi saba na nusu hivi, na magurudumu madogo kupita kiasi, na walitaka picha mpya kila mara. Kampuni ndogo iliweza kubadilika ndani ya majuma machache; kampuni kubwa ilibaki na maghala ya bidhaa ambazo mtoto wa miaka 15 aliona aibu kukanyaga. Mdororo wa uchumi wa Marekani wa miaka ya 1990 na 1991 ukaja juu ya hayo.

Aliyeutumia mwanya huo kwa ukali zaidi ni Steve Rocco, mchezaji wa zamani ambaye mwaka 1987 aliachishwa na kampuni nyingine, akaanzisha yake iliyokuja kuitwa World Industries. Rocco aliwasaka wachezaji wa makampuni makubwa, na katika matangazo yake aliidhihaki Powell Peralta waziwazi. Kwa macho ya vijana, kampuni iliyokuwa kaka yao mkubwa ikageuka kuwa baba mwenye mali. Rodney Mullen akahama, tena hakwenda kama mchezaji tu bali kama mshirika katika biashara. Mark Gonzales, bingwa wa mchezo wa barabarani aliyekuwa akichezea kampuni ya Vision, yaani uwezo wa kuona, naye alianzisha chapa chini ya Rocco na kuiita Blind, yaani kipofu, na Guy Mariano akamfuata huko.

Sasa tazama wale sita walikokwenda, maana hapo ndipo jibu langu lilipo. Mullen alipata sehemu katika World Industries. Guerrero alianzisha Real mwaka 1990 pamoja na Jim Thiebaud. Mountain alianzisha The Firm. McGill alikuwa na duka lake. Hawk, ambaye mapato yake yalikuwa yameporomoka mpaka akajipangia dola 5 za chakula kwa siku, alikopa kwa dhamana ya nyumba yake na mwaka 1992 akaanzisha Birdhouse na Per Welinder, mchezaji mwingine wa zamani wa Powell Peralta. Ni Caballero pekee aliyebaki. Peralta mwenyewe aliondoka mwaka 1991, kwa sababu yeye na Powell hawakuwa tena na mawazo mamoja kuhusu njia ya kufuata, akaingia katika utengenezaji wa filamu.

Sikubaliani na wanaosema kwamba mitindo tu ndiyo iliyoiangusha. Mitindo ilibadilika kwa wote. Jambo ninaloliamini, baada ya kuusoma mkasa huu kwa miaka mingi, ni kwamba kampuni hiyo iliwapa watoto hao kila kitu isipokuwa sehemu ya nyumba. Iliwapa malezi, safari, sifa na mrabaha ulio halali, na Peralta aliwapenda kwa dhati. Lakini walipofika miaka 22 au 25, wakiwa na wake na mawazo yao wenyewe, hapakuwa na kiti mezani ambacho wangekalia wakiwa wamiliki. Mnunuzi hakuwa ameupenda mti wa mepli uliobandikwa gundi. Aliwapenda Hawk, Mullen na Guerrero, na kila mmoja alipoondoka alibeba sehemu yake ya mapenzi hayo akaenda nayo.

Nimemtaja Rocco kwa sifa, kwa hiyo niseme pia kwamba kampuni yake haikuepuka njia hiyo hiyo. Iliuzwa kwa wawekezaji mwaka 1998, ikaingia mikononi mwa kampuni ya Globe ya Australia mwaka 2002, na jina lililowahi kuwatetemesha wakubwa likabaki zaidi kwenye mbao za bei nafuu za watoto.

Powell hakufunga. Aliendelea na mbao, magurudumu na beringi, na katika muongo wa kwanza wa karne hii jina la Powell Peralta lilirudishwa, Peralta naye akarejea kushirikiana naye. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1986 hununua nakala mpya za mbao za wakati ule, wengi wakizitundika ukutani. Kijana, igeuze skeitibodi unayochezea kila siku na utazame katikati ya gurudumu. Ukikuta beringi yenye kifuniko chekundu na neno Bones, umeikuta kampuni hiyo hiyo, ikifanya kazi kimya chini ya miguu yako.

Nije kwenye mipango yenu. Kabla ya gundi, andikeni makubaliano. Mko watano: amueni nani ana hisa ngapi, na mchezaji ambaye jina lake litakuwa kwenye ubao atapata shilingi ngapi kwa kila ubao utakaouzwa, na baada ya muda gani wa kukaa nanyi ataweza kupata hisa yeye mwenyewe. Andikeni pia picha ya ubao wake ni mali ya nani siku akiondoka, kwa kuwa urafiki wa Shangilia hautajibu swali hilo mkiwa na fedha mezani. Kampuni mtaiandikisha kupitia eCitizen, na jina pamoja na nembo mtavisajili katika Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI. Fuvu la Johnson msilinakili hata kama linawavutia. Lina mwenyewe, nanyi mna wachoraji wa matatu katika mji huu wanaoweza kuwachorea kitu ambacho hakijaonekana kokote.

Kuhusu mbao zenyewe, hapa naomba nizungumze kama mtu aliyefundisha useremala miaka 19. Juzi nilimpelekea fundi mmoja wa Gikomba ubao uliovunjika, akaukata kwa msumeno wa meno madogo na kuupiga msasa ukingoni mpaka tabaka zikaonekana waziwazi kama kurasa za kitabu. Tulihesabu tabaka saba. Tano zilikuwa na nyuzi zinazokwenda kwa urefu, kutoka pua hadi mkia, na mbili tu zilipita kwa upana. Fundi aliinua kichwa akasema, “Hii si plaiwudi yetu.” Alikuwa sahihi. Plaiwudi ya madukani hupishanisha nyuzi kila tabaka, moja kwa urefu na inayofuata kwa upana, kwa sababu inatakiwa isipinde upande wowote. Ubao wa skeitibodi unatakiwa uwe na nguvu kwa urefu, mahali miguu miwili inapotua, huku tabaka mbili za upana zikiuzuia usipasuke. Mkikata umbo la skeitibodi kutoka kwenye plaiwudi ya kawaida, mkia utavunjika kwenye matundu ya skrubu katika majuma ya mwanzo, na jina litakaloaibika ni la mchezaji wenu. Tafuteni venia, yaani tabaka nyembamba za mbao, za mti mgumu, mzipange wenyewe saba kwa mpango huo, mzipake gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, kisha mzibane ndani ya kalibu yenye mbonyeo mpaka gundi ikauke kabisa. Ubao wa kwanza usiuze. Mpeni mzito kuliko wote miongoni mwenu aruke nao mwezi mzima.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa miaka 12 ananisumbua nimnunulie ubao wa Powell Peralta, na muuzaji mmoja hapa mjini anadai anao. Jirani yangu anasema kampuni hiyo ilikwisha zamani na kwamba hizo zote ni bandia. Ni nani mkweli? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama, kama ulivyosoma hapo juu, kampuni ipo, kwa hiyo jirani yako amekosea, lakini tahadhari yake ina msingi. Muulize muuzaji upana wa ubao. Zile nakala za zamani zenye upana wa karibu inchi 10 zilitengenezwa kwa ajili ya rampu na leo hununuliwa zaidi na watu wazima kwa kumbukumbu, na miguu ya mtoto wa miaka 12 itataabika kuzigeuza. Wa kwake uwe wa inchi saba na nusu hadi nane hivi, na usilipe zaidi kwa ajili ya picha, kwa kuwa picha itakwanguka ndani ya mwezi mmoja akianza kuteleza juu ya kingo za barabara. Zinazoghushiwa sana ni beringi za Bones zenye kifuniko chekundu. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, bila kasha lake, ziache. Kofia ngumu na kinga za magoti umnunulie siku hiyo hiyo, na ikiwa fedha hazitatosha vyote, ubao ndio usubiri.